Kitambaa cha Akiba Kwenye Gauni la Wifi

Siku aliyokabidhiwa kitambaa cha gauni la harusi la wifi yake, Fundi alikwenda dukani akanunua tepu mpya.

Si kwamba ya zamani ilikuwa imekatika. Ilikuwa palepale, inaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani, ile aliyopewa na mama aliyemfundisha kushona. Ilikuwa imechakaa hadi ikawa laini kama utambi, namba zimefifia, na mwanawe, ambaye nyumba nzima walimwita Bonge kwa ajili ya mashavu yake, alikuwa ameitafuna ncha kila jino lilipomwota. Kwa magauni ya majirani na sare za shule ilitosha. Lakini gauni la Kicheko! Hilo halikuwa gauni la kupimwa kwa tepu iliyolowa mate ya mtoto.

Kicheko alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba wa nyumba hiyo, muuzaji kwenye duka la dawa. Jina hilo alipewa angali mdogo, kwa sababu hata akichapwa alikuwa analia huku anacheka, anayemchapa anaishiwa nguvu. Sasa alikuwa anaolewa na fundi umeme mmoja mpole, na alikuwa ametangaza mapema, kabla hata ukumbi haujatafutwa: "Gauni langu atashona wifi yangu. Sitaki la kukodi, sitaki la dukani. Wifi yangu ndiye anayenijua mwili."

Maneno hayo yalimpa Fundi raha iliyomfanya azunguke jikoni akitafuta kitu cha kufanya na mikono yake. Maana yeye aliingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa nyuma. Alikuja na tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limeshatangulia kusema kila kitu. Mama mkwe alimpakulia chakula bila kumtazama usoni. Majirani walihesabu miezi kwa vidole. Harusi yake ilikuwa ya haraka haraka, gauni la kuazima, na zipu ya mgongoni iligoma kupanda. Wakaiacha wazi, wakamfunika mtandio. Harusi nzima alisimama ameupa ukuta mgongo. Picha zote za siku ile ana ukuta nyuma yake, na uso wa mtu anayesubiri kuitwa na polisi.

Mtu pekee aliyemchekea wakati ule alikuwa Kicheko. Alisukuma kitanda chake pembeni, akampa nusu ya chumba mpaka kaka yake alipopata nafasi ya kurudi kutoka safari zake za lori. "Wifi, wewe waache wahesabu," alimwambia. "Wana vidole kumi na hawana kazi, wafanye nini?"

Kwa hiyo Fundi alipomsimamisha Kicheko katikati ya chumba cha cherehani, mlango umefungwa, Bonge amekalishwa sakafuni na vijiti vya uzi, alikuwa na furaha ya mtu anayelipa fadhila.

"Nyoosha mikono. Usivute tumbo."

"Sijavuta! Ndilo lote hilo."

"Bibi harusi wote wanavuta tumbo. Halafu siku ya siku anapumua mara moja, zipu inakwenda zake."

"Basi nishonee bila zipu, nitumbukizwe kwa juu kama mto kwenye foronya."

Wakacheka wote wawili. Fundi akazungusha tepu mpya kiunoni, akaikutanisha kwa vidole, akatazama namba. Akaacha kucheka.

Kiuno cha wifi yake alikijua kwa kichwa. Alikuwa amemshonea tangu alipohamia, sketi za kazini, blauzi, gauni la kwendea kwenye posa ya rafiki yake. Alilegeza tepu, akaizungusha upya. Ilisema vilevile. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi nzima na zaidi. Akapima kifua. Nacho. Akapima nyonga. Nazo.

"Vipi," Kicheko aliuliza, akimtazama kwa juu. "Nimenenepa?"

"Hapana," Fundi akasema upesi. "Uko vilevile."

"Afadhali. Maana hata cha usiku nimeacha kula, nataka niingie ukumbini mwembamba kama sindano yako."

Mtu asiyekula cha usiku, na kiuno kinaongezeka. Fundi aliinama kuokota chaki ili uso wake usionekane. Mabega hakuyapima. Mabega ya mtu mzima hayaongezeki. Aliyajua, akayaandika kichwani kwa namba ileile ya siku zote.

Tangu hapo akawa mtu wa kuangalia. Ukishakuwa na jambo moyoni, kila kitu kinakuja kulishuhudia. Asubuhi moja Kicheko alisimama ghafla kutoka mezani, akashika kiti, akasema macho yanaona giza. Njaa tu, alisema. Siku nyingine aliomba ndimu, akailamba na chumvi, amefumba jicho moja. Alikuwa analala mapema. Alikuwa anaingia msalani mara kwa mara, kwa sababu ya maji mengi aliyokuwa anakunywa kuidanganya njaa. Fundi hakujua habari ya maji. Alijua mlango wa msalani tu.

Hakumwambia mtu. Hilo alijisifia moyoni. Mumewe alipopiga simu kutoka njiani kuuliza maandalizi yanakwendaje, alisema yanakwenda vizuri. Alichofanya ni kumtunza wifi yake kimyakimya. Alimpokonya ndoo ya maji mkononi. Alimwachia kiti chenye mto. Alimchemshia tangawizi.

"Wifi, siku hizi unanidekeza," Kicheko alisema. "Unataka nini? Nikupe dawa ya bure dukani?"

"Bibi harusi hachoshwi."

"Basi nitakuwa bibi harusi kila mwaka."

Na kwenye gauni alifanya jambo lake. Alikata satini kwa vipimo vipya, halafu ndani ya mishono ya pembeni, kushoto na kulia, aliacha kitambaa cha akiba, upana wa vidole vitatu, akakikunja na kukifichia chini ya bitana. Tumbo likikua kabla ya siku yenyewe, atafumua usiku mmoja tu, gauni litapanuka na hakuna atakayejua. Huyu hatasimama ameupa ukuta mgongo. Alishona akiba ile kwa mkono, kwa uzi mwembamba, na machozi yalimlengalenga kwa wema wake mwenyewe.

Siku ya kujaribu, gauni lilimkaa Kicheko vizuri kiunoni. Alijigeuza, akajitazama, akapiga kigelegele kimoja mpaka Bonge akaanza kulia.

"Ila hapa, wifi." Aliinua mikono. "Mabegani pananibana, kama nimeazima la mtoto wa jirani."

"Nitaachia kidogo," Fundi akasema. Hakutazama mabega. Alikuwa anatazama tumbo, kama limeanza kusukuma.

Wiki ile wageni wa upande wa bwana harusi walikuja kukubaliana habari za ukumbi na magari. Walikuwa wachache: baba mdogo wa kijana, binamu yake mmoja mwenye mzaha mwingi, na shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea kijana baada ya mama yake kufariki. Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba shingoni. Alikuwa na chumba chake cha kushonea sare, na mafundi chini yake. Chai ilitengwa, mkate ukakatwa, maneno yakaenda vizuri. Mama mkwe alikuwa ametoa vikombe vya kabatini vile visivyotolewa ovyo.

"Nasikia gauni linashonwa humuhumu ndani," shangazi alisema.

"Humuhumu," mama mkwe akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi aolewe, alimtaja kwa majivuno. "Mkwe wangu ndiye anayelishona. Ana mkono huyo! Mama Bonge, lilete shangazi alione."

Fundi alilileta mikononi kama anavyobebwa mtoto mchanga. Shangazi akavaa miwani. Akasifu lesi. Akasifu shingo. Kisha, kama fundi yeyote anavyofanya bila kuwaza, kama mnunuzi wa samaki anavyofunua mashavu, akaligeuza gauni ndani nje.

Kidole gumba chake kilitembea kwenye mshono wa pembeni, kikasimama. Akafunua bitana. Akapima kwa vidole. Akageuza upande wa pili, akapima tena.

"Hii akiba yote ya nini?"

"Kitambaa kilikuwa kingi, shangazi yetu," mama mkwe alisema kwa furaha. "Hatukutaka kubania."

"Sare ya shule unaacha akiba kwa sababu mtoto anakua. Gauni la harusi linavaliwa siku moja. Siku moja mtu atakua kiasi gani?"

Binamu mwenye mzaha alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akanywa chai.

Shangazi alimtazama Fundi juu ya miwani. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mgongoni hukuacha. Pindoni hukuacha. Umeacha pembeni tu, kiunoni na tumboni. Fundi mwenzangu, kwa nini pembeni tu?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kusema kitu. Angesema ni mazoea yake. Angesema alikosea kukata. Uongo wowote ungetosha, na Fundi, aliyekuwa ameshika siri wiki zote hizo akijiona shujaa, hakuupata hata mmoja. Na macho yake, bila yeye kuyatuma, yakaenda yakatua kwenye tumbo la Kicheko.

Macho ya watu wote sebuleni yakayafuata.

Kicheko alikuwa amesimama na birika. Alitazama huku na huku, akitabasamu, akisubiri aelezwe utani ni upi. Kisha tabasamu likaondoka usoni kidogo kidogo, na birika akaliweka chini polepole sana.

Wageni walikumbuka wana shughuli. Chai ilibaki vikombeni. Mlangoni shangazi alimshika mama mkwe mkono, akasema kwa upole, "Tusikimbilie kulipia ukumbi kwanza, mama. Tuache jambo lijulikane," na mama mkwe akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepigwa usingizini.

Hakupiga kelele. Fundi alitamani apige. Alikusanya vikombe vyake vya kabatini kimoja kimoja, na alipofika mbele ya mkwewe akasimama.

"Mara ya kwanza ulikuja na lako," alisema. "Sasa umetuletea na la mwenzio."

Fundi alikwenda kujifungia kwenye chumba cha cherehani. Bonge aligonga mlango kwa kiganja, akamfungulia; nyuma ya Bonge alikuwa amesimama Kicheko.

"Ni ya nani?" Kicheko aliuliza.

"Wifi..."

"Mimba. Ni ya nani? Maana mimi sina habari nayo. Wewe unayo muda mrefu inaonekana, umeshaishonea na nafasi."

"Kiuno kimeongezeka. Nilipima mara mbili. Na kifua. Na yale macho kuona giza..."

"Njaa! Nilikwambia njaa! Nimeshinda na maji kama bata mwezi mzima! Wifi, mimi nauza vile vipimo vya mimba. Kila siku wanakuja wasichana dukani wamejifunika uso, wananong'ona. Unadhani ningekuwa nayo, wewe ungejua kabla yangu? Kwa nini hukuniuliza?"

Fundi alisema jambo la kwanza lililomjia, nalo likawa kosa juu ya kosa.

"Basi jipime. Uwaonyeshe, yaishe."

Kicheko alimkodolea macho.

"Yaani ukosee wewe," alisema taratibu, "halafu mimi nikakojoe kwenye kikopo niwapelekee wakwe?" Angekuwa amelisema siku nyingine, wangevunjika mbavu. "Sipimi. Nimeshapimwa vya kutosha. Wakitaka kuvunja wavunje."

Akaondoka. Na nyumba ikawa ya watu wanaopishana koridoni wakiwa wameinamisha vichwa. Bwana harusi alipiga simu kila jioni; sauti yake ilisikika kupitia mlango, ikibembeleza, ikisema yeye hana shaka. Lakini shangazi ndiye mama yake, na shangazi hakutaka kusema zaidi ya lile alilosema. Wanawake wa mtaani walianza kuja kuazima vitu ambavyo hawakuwa na haja navyo. Mmoja alimwuliza Fundi, akiwa na chumvi ya kuazima kiganjani, "Eti harusi imesogezwa? Heri tu ni mambo ya ukumbi, ee?" Fundi alihisi masikio yanawaka. Aliyajua macho yale. Aliwahi kuyabeba mgongoni, chini ya mtandio. Sasa yeye mwenyewe amemvisha mtu aliyewahi kumkinga nayo.

Hakuwa na kazi nyingine ya kushika ila lile gauni, na hakuwa na ujasiri wa kulishika. Lakini asubuhi moja, Bonge amelala, alilishusha. Akasema moyoni, hata kama halitavaliwa, nirekebishe mabega aliyolalamikia, angalau kitu kimoja alichoniambia kwa mdomo wake nikifanye. Akafumua bega. Akachukua tepu mpya, akapima. Namba ilikuwa sawa kabisa na ile aliyoijua kichwani. Basi kwa nini yabane? Mabega ya Kicheko ni yaleyale. Mabega hayanenepi kwa maji, hayapungui kwa njaa, na hayashiki mimba.

Alikaa na kitambaa mapajani. Kisha akainua macho kwenye msumari juu ya cherehani.

Aliishusha tepu ya zamani, akailaza mezani sambamba na mpya, mwanzo kwa mwanzo. Akazinyoosha kwa viganja. Ya zamani ilikwenda, ikakwenda, ikaipita mwenzake. Miaka ya kuvutwa, kufuliwa mifukoni, kutafunwa na mtoto, ilikuwa imeirefusha. Kila inchi yake ilikuwa zaidi ya inchi. Nguo zote alizowahi kumshonea Kicheko zilimkaa vizuri kwa sababu alipima kwa tepu ileile na kukata kwa tepu ileile. Uongo ulikutana na uongo, ukanyooka. Siku alipoleta tepu ya kweli, kiuno cha Kicheko kikasemwa kwa ukubwa wake halisi, ule uliokuwepo siku zote. Na mabega, aliyoyachukua kichwani kwa namba ya zamani na kuyakata kwa tepu mpya, yakawa madogo.

Furaha ilimpanda mpaka akasimama. Haikukaa. Kabla hajafika mlangoni kumwita mama mkwe, ilikuwa imeshageuka. Tepu ilisema kiuno ni kikubwa. Basi. Haikusema zaidi ya hapo. Aliyesema lile jingine ni yeye, na hakulitoa kwenye tepu. Alilitoa ndani mwake, kwa sababu moyo wake, alipoona kiuno cha msichana kimeongezeka kabla ya harusi, ulijua njia moja tu. Alikuwa amempima wifi yake kwa mwili wake mwenyewe.

Alimbeba Bonge mgongoni, akaweka tepu zote mbili kwenye mkoba, akaenda kwa shangazi.

Chumba cha kushonea sare kilikuwa kirefu, cherehani zimepangwa ukutani, marundo ya kaptura za bluu sakafuni, redio inaimba peke yake. Mafundi waliinua vichwa. Shangazi alikuwa anakagua vifungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Naomba tuongee pembeni."

"Pembeni tena?" Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Siku ile hatukuwa pembeni, mwanangu. Tulikuwa sebuleni, watu wote. Kama ni la kumsafisha mtoto wa watu, liseme hapahapa. Kama ni la kumchafua zaidi, rudi nalo."

Cherehani zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Fundi alizitoa tepu, akazilaza kwenye meza ya kukatia. Alieleza akirudia rudia, Bonge akimvuta hereni. Shangazi hakumwamini mdomo. Alichukua rula yake ya chuma, akapima tepu ya zamani, akapima mpya. Akapima tena.

"Jamani," fundi mmoja wa nyuma alisema, "kumbe tepu ikizeeka inampunguza mtu kiuno! Niuzie hiyo, dada, nikampimie mke wangu anyamaze."

Chumba kikacheka. Fundi naye midomo ilimcheza, akaidhibiti.

"Sawa," shangazi akasema, hakucheka. "Tepu imeongeza inchi. Mimba nani kaiongeza?"

Redio ilikuwa bado inaimba.

"Mimi," Fundi akasema.

"Binti mwenyewe alikwambia?"

"Hakuniambia. Sikumwuliza. Mimi niliolewa na tumbo, shangazi. Nikadhani."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake. Ilimchukua muda, kama ilikuwa na uchafu mwingi.

"Na mimi," alisema baadaye, sauti imeshuka, "ningeweza kumvuta mama mkwe wako chumbani nikamwuliza. Nilitaka waone kwamba naijua kazi." Akaivaa miwani. "Tutakuja tena. Utayasema haya mbele ya walewale, kwa mdomo wako, siyo kwa macho."

Na aliyasema. Alisimama sebuleni, vikombe vya kabatini vimetolewa tena, na akayasema mbele ya baba mdogo, mbele ya binamu ambaye safari hii alikuwa anatazama viatu vyake, mbele ya mama mkwe. Alitaja tepu, akataja na lile lisilokuwa la tepu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ile ya saruji ilikuwa imara, ikamwacha amesimama mpaka neno la mwisho. Bwana harusi alikuwa amekaa karibu na Kicheko, amemshika mkono. Shangazi naye aliomba radhi kwa upande wake, kwa maneno machache ya mtu asiyezoea. Baba mdogo akakohoa, akauliza habari za magari. Harusi ikarudi kuwa harusi.

Jioni ile mama mkwe alimpakulia Fundi chakula, akamtazama usoni, na Fundi ndiye aliyeshindwa kumtazama.

Kicheko alianza kucheka tena, na bwana harusi, na rafiki zake wa dukani, na Bonge. Fundi akiingia chumbani kicheko kilikuwa hakikatiki. Kilishuka tu, kama redio mtu anapopokea simu. Habari za asubuhi alimpa. Asante alimpa. Ndoo yake aliibeba mwenyewe.

Zilipobaki siku chache, alikuja kwenye chumba cha cherehani, gauni mkononi.

"Shangazi amesema anaweza kulimalizia kwake," alisema. "Nimemwambia utamaliza wewe. Nilishatangaza." Akafunga mlango. "Ila hunipimi."

Fundi aliitikia. Alikuwa amekwisha kuyakata mabega mapya, na ile akiba ameifumua na kuikata yote. Kilichobaki ni kulibana gauni kiunoni, maana Kicheko, kwa njaa ya mwanzo na kwa huzuni ya baadaye, sasa alikuwa amepungua kweli. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Kicheko akalivaa, akasimama mbele ya kioo, akaomba kopo la pini. Akaanza kujibania mwenyewe.

Si kazi rahisi kujibania gauni ulilolivaa. Alijipinda, akajichoma, akanyonya kidole. Kulia alibana vizuri. Kushoto mkono haukufika, pini zikaenda zikishuka, zikatoka nje ya mstari, mshono ukapinda kama njia ya mbuzi. Vidole vya Fundi vilikuwa vinachezacheza mapajani. Alifungua mdomo. Kicheko akamtazama kupitia kioo.

"Hapo ndipo unapopataka?" Fundi akauliza.

Kicheko alijitazama, kulia, kushoto. Aliona. Mtu yeyote angeona.

"Ndipo," akasema.

Fundi alishona palepale, juu ya pini zilezile, bila kunyoosha hata uzi mmoja.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Kicheko aliingia na mumewe, akicheka mpaka shela likateleza, akacheza nyimbo zote, na kila alipogeuka mshono wa kushoto uligeuka naye, umepinda vizuri kabisa, kila mtu auone. Fundi alikuwa amekaa mstari wa katikati, Bonge mapajani. Mwanamke mmoja aliyekaa kiti cha pili, mgeni wa upande ule mwingine, mwenye gauni la kung'ara, alimwinamia.

"Lesi nzuri," alinong'ona, "lakini ubavuni hapo, dada, umeona? Wamelipinda gauni la watu. Fundi wao ni nani?"

"Ni mimi," Fundi akasema, akamwekea Bonge kipande cha keki mdomoni, apate pa kutazama.